Sakafu ya Mzee Ebenezeri

Ijumaa, 9 Desemba 2005
Nimejichimbia kaburi. Tena jembe nimelishika mwenyewe!

Nilipanda Masama kumwamkia Mzee Ebenezeri, baba yake Goodness, mchumba wangu. Mzee wa kanisa. Akikohoa, ng'ombe huacha kutafuna. Sebuleni maboksi tele: mbao za lamineti, zile nyembamba za kupachikana sakafuni, kijana wake kazituma kutoka Dubai. Akasema atamwita Valerian azitandike kabla ya tarehe 26, siku wazee wangu wanapoleta posa. Valerian! Seremala aliyemtaka Goodness kabla yangu. Nikasema ya nini kumsumbua, kazi hiyo naijua.

Mzee akanisukumia boksi la kwanza. "Haya, Godlove. Usiniaibishe."

Sijawahi kutandika hata mkeka.

Jumamosi, 10 Desemba
Kiboriloni, dukani kwa Mama Ndelilio. Nikasema nataka vifaa vya lamineti. Akauliza vipi. Nikasema vyote. Akaanza kutaja: nailoni ya kuzuia unyevu, sponji ya kutandika juu yake, kabari za kuachia nafasi ukutani, skating, zile mbao za kuzunguka chini ya ukuta, za kufunika nafasi hiyo, ukanda wa mlangoni. Nikaitikia kwa kichwa kama profesa. Akauliza skating ya upana gani. Nyuma yangu watu wawili wanasikiliza! Nikasema ya kawaida. Akasema hakuna ya kawaida.

Nikachagua kwa rangi: plastiki ya dhahabu. Inang'aa! Nailoni na sponji nimeacha, nani ataviona huko chini? Nitatandika magunia ya kahawa ya Mzee mwenyewe. Kabari pia nimeacha. Fundi hodari haachi nafasi.

Jumanne, 13 Desemba
Nimemaliza! Mbao zimebana ukuta, hata sindano haipiti. Mama Goodness kapiga vigelegele. Mzee akatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, viatu mkononi. Sakafu ikalia kwaa! Akasimama. Nikamweleza kwamba mbao zinazoeana.

Akasema, "Mm."

Hiyo "mm" imenifuata mpaka nyumbani.

Jumapili, 18 Desemba
Mvua siku nne. Goodness kapiga simu, ananong'ona: sebule imeota nundu. Mama alipiga deki kwa ndoo nzima!

Nikapanda mbio. Kweli. Katikati ya chumba mbao zimenyanyuka kama kuna mtu kalala chini. Skating ya dhahabu imebanduka. Harufu ya gunia bichi. Mzee bado yuko kanisani. Wazo! Nikavuta kochi juu ya nundu, nikalikalia.

Mzee akaingia. Nikampa shikamoo nikiwa nimekaa. Nimekaa! Akauliza kama naumwa. Nikasema mgongo. Akaja mwenyewe kuninyanyua, kwa huruma. Nilipoinuka, kochi nalo likainuka, likisukumwa na nundu.

Hakufoka. Heri angefoka.

"Mwanangu," akasema, "hata usingejua sakafu ningekupa binti yangu. Ninachoogopa ni huo mdomo wako. Sasa nimwite Valerian, au niwaambie wazee wako wasije?"

Nikasema Valerian.

Jumatano, 21 Desemba
Valerian hakunicheka. Inauma zaidi. Aling'oa zote, zilizovimba akazibadilisha kwa zile zilizobaki kwenye maboksi, akaacha nafasi ya kidole ukutani pande zote. Anasema mbao hizi hutanuka, zikikosa pa kwenda zinapanda juu. Chini nailoni, kisha sponji. Skating ya mbao, pana, rangi ya kahawa, ikaficha nafasi yote. Mimi nilimshikia futi.

Goodness akaniletea sahani ya kiburu, ndizi na maharage. Akasema kuanzia leo nisilolijua niseme silijui, la sivyo tuachane. Nimeapa. Nimelia kidogo.

Jumatatu, 26 Desemba
Posa imepokelewa! Wazee wamecheka, mbuzi amechinjwa.

Baba mdogo Eliamini, wa Himo, aligonga sakafu kwa kisigino. Kimya, haikulia. Akauliza fundi ni nani. Mzee alikuwa nje kwenye mbuzi. Goodness jikoni.

"Mimi, baba."

Akanikumbatia. Ana vyumba vitano, mbao zimeshafika, nianze Jumanne ijayo. Vitano!

Lakini nimepata njia. Kesho nakwenda kwa Valerian, anifundishe kila kitu bila kujua kwamba ananifundisha. Nitaanza kwa kumwonyesha makosa yake.