Tume ya Kuharakisha Kesi Yafika Motulahi

Wananchi wote wa kisiwa cha Motulahi wanaarifiwa, kwa furaha isiyo kifani, kwamba kuanzia sasa ucheleweshaji wa kesi umekomeshwa rasmi. Ndivyo lilivyosema tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa kanisa. Chini yake, kwa herufi ndogo, iliongezwa kwamba tarehe ya kuanza kwa hiyo "sasa" itatangazwa baadaye.

Bi Lesieli alilisoma mara mbili, kapu la viazi vikuu likiwa limemning'inia mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa mshitakiwa mkongwe kuliko wote kisiwani. Si kwa umri, kwa kesi. Alishitakiwa kuiba nguruwe jike wa Feleti, ofisa wa kijiji, na tangu siku hiyo mjukuu wake alizaliwa, akaota meno, na sasa alikuwa anayang'oa.

Jela haikumtisha. Kilichomuuma ni kwaya. Mchungaji alikuwa ameamua kwamba mshitakiwa haimbi mpaka mahakama imsafishe, na nafasi yake ya sauti ya kwanza akapewa Vika, mwanamke mwenye moyo mzuri sana, ila akipanda juu mbwa wa kijiji huhama wenyewe. Na Jumatatu hii kwaya ilikuwa inasafiri kwenda mji mkuu, Nuku'alofa, kwenye mashindano ya mkutano mkuu wa kanisa.

Isidhaniwe kwamba kuna aliyezembea. Mambo yote yalikuwa yamepangwa vizuri. Hakimu alikuja kwa meli, na meli ilifika Jumamosi mchana. Mgeni hahukumu watu na njaa, kwa hiyo Jumamosi ilikuwa ya karamu, kinywaji cha kava na hotuba. Jumapili ni marufuku kufanya kazi yoyote, sheria ya nchi. Na Jumatatu alfajiri meli iling'oa nanga. Kwa nini isikae zaidi? Kwa sababu Kapteni Lisiate alikuja kula chakula cha Jumapili kwa mama yake, na akishakula, amekula.

Jumamosi hiyo Tume ya Kuharakisha Kesi ilishuka pamoja na hakimu. Mwenyekiti wake, Mheshimiwa Siosaia Pouono, alikuwa amejifunga mkeka wa heshima kiunoni, mkeka mpana hata kwenye ngazi ya meli alishuka kiubavu. Wakala. Wakahutubia. Mheshimiwa alieleza umuhimu wa kasi mpaka taa zikaishiwa mafuta.

Bi Lesieli alimsogelea akiwa na sahani ya majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui zito la nazi na nyama ya kopo.

"Mheshimiwa, kesi yangu je?"

"Mama, kesi yako imo kwenye mchakato wa awali wa kuingizwa kwenye mchakato. Hizi nyama ni zako? Niongeze mchuzi kidogo."

"Kwaya inaondoka Jumatatu, baba."

"Vizuri sana! Muimbe kwa nguvu."

Jumapili, baada ya ibada, kijiji kizima kililala kwa kushiba. Mheshimiwa hakulala. Meli ingeondoka alfajiri, na taarifa ya mafanikio ya Tume ilikuwa haijaandikwa. Akawakusanya wajumbe barazani, akaanza kuwatamkia waandike.

Konstebo Kalafi alipita hapo akitafuta pahali pa kivuli. Akasimama, akavua kofia.

"Samahani, Mheshimiwa. Mnafanya nini?"

"Kazi! Kazi nzito ya taifa, kijana! Huoni jasho?"

"Jumapili?"

"Sisi hatujui Jumapili!"

"Basi twende kituoni, baba. Taratibu tu, usichafue mkeka."

Habari zilizunguka kisiwa kabla chai haijachemka. Watu walitoka vitandani kuthibitisha. Tume iliyokamatwa kwa kufanya kazi! Hata wazee hawakuwahi kusikia kitu kama hicho.

Na mshitakiwa, kwa amri ya siku zote, haruhusiwi kutoka kisiwani. Mheshimiwa alipoelezwa hilo alipata ghafla uchungu mkubwa na haki za washitakiwa. Akatumia mamlaka yake yote kuamuru meli isubiri mpaka Jumatatu mchana na mahakama ikae asubuhi. Kapteni hakuwa na neno. Mama yake alikwishainjika chungu kingine.

Kwa hiyo mahakama ya Motulahi ikakaa. Watoto walibebwa mabegani waione. Mheshimiwa akanyanyuka wa kwanza.

"Keti, Mheshimiwa," hakimu alisema. "Kanuni ya kwanza ya Tume yako inasema kesi kongwe ndiyo inatangulia. Bi Lesieli!"

Bi Lesieli alisimama.

"Uliiba nguruwe?"

"Alikuja mwenyewe, Mheshimiwa Hakimu, akawa anakula viazi vyangu. Nikamfunga, nikampelekea Feleti habari aje amchukue."

"Feleti?"

Feleti alikohoa. "Ni kweli. Habari ilinifikia nikiwa nimeshashitaki. Nikaona aibu kuisumbua mahakama."

"Nguruwe yuko wapi?"

"Alikufa, Mheshimiwa," Feleti alijibu. "Uzee."

"Kesi imefutwa. Mama, nenda."

Mchungaji, aliyekaa dirishani, alimpungia Bi Lesieli vazi jeupe la kwaya. Vika ndiye aliyepiga vigelegele kuliko wote, na mbwa wawili wakaondoka.

Ikafika zamu ya Mheshimiwa.

"Swali ni moja," hakimu alisema. "Jana, Tume ilikuwa inafanya kazi?"

Mheshimiwa alifungua mdomo. Akisema ndiyo, ana hatia. Akisema hapana, serikali itauliza basi hulipwa kwa lipi. Akaufunga. Wajumbe wake wakawa wanatazama dari.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema mwishowe, "naomba kesi iahirishwe, nipate muda wa kutafakari."

"Imeahirishwa. Mpaka kikao kijacho."

Meli ilipiga honi. Bi Lesieli alikimbia gatini na viatu mkononi, akavutwa juu na wenzake, akasukumwa mstari wa mbele. Chini, Mheshimiwa alikuwa ukingoni kabisa, Konstebo Kalafi amemshika kiwiko kwa adabu zote.

"Mama Lesieli!" alipaza sauti. "Kikao kijacho ni lini hapa kwenu?"

Bi Lesieli alikuwa na jibu. Lakini mwalimu wa kwaya alikwishainua mkono, na sauti ya kwanza ndiyo inayoanza.