Maharage katika Kifungu cha Nne

Wenzangu wa kisomo huko Kwihara, leo nimejivua nguo mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya wanasheria watano. Nawaandikia kabla hamjasikia kwa mwingine, maana mwingine ataongeza chumvi.

Mnamjua Maganga, mjukuu wangu, niliyemlea kwa uji wa ulezi. (Nimeshawaambia. Nitawaambia tena.) Sasa ndiye mkubwa wa wanasheria wa shirika la tumbaku hapa mjini. Serikali imetaka kazi za ofisi ziwe za Kiswahili, naye kaamua hata mkataba wetu wakulima, ule wa Kiingereza tunaougongea dole gumba kila msimu, uandikwe upya. Wenzake wamenuna. Anayeongoza kwa kununa ni Bwana Sefu, mwanasheria wa siku nyingi, miwani yake imefungwa kamba.

Mkurugenzi akatoa sharti. Atafutwe mkulima, ausome. Akiuelewa, kesho malori yanaupeleka vijijini. Asipouelewa, unakwenda ule ule wa Kiingereza.

Maganga akanichagua mimi. Asubuhi ananipakia baiskeli kutoka kwake Ng'ambo, nilikolala, ananiambia, "Bibi, usipoelewa mahali sema hapo hapo, tutarekebisha kabla mkurugenzi hajaja. Usinionee huruma."

"Nikuonee huruma kwa lipi? Mume gani wewe, hata kuni hujawahi kunipasulia."

Ofisini nikapewa kiti chenye mto. Chai ya maziwa. Mkate wa siagi. Bwana Sefu akaniamkia vizuri, kisha akauliza, "Bibi, unasoma kweli, au Maganga kakukaririsha nyumbani?"

"Nina cheti," nikamwambia. (Cheti nilikuwa nacho kifuani, nimekikunja ndani ya kanga. Nilikitoa. Hakuna aliyekiomba.)

Nikaanza kusoma, kidole kwenye mstari, sauti juu. Kifungu cha kwanza, sawa. Cha pili, sawa kidogo. Cha nne kikasema: mkulima aliyetajwa hapo juu, kwa mujibu wa mkataba huu, hataruhusiwa kuchanganya zao jingine lolote lile katika eneo lililoainishwa kwa madhumuni ya uzalishaji wa tumbaku.

Wenzangu, maneno yale karibu yote nayajua moja moja. Yakikaa pamoja hayanijui.

"Hapo umeelewa, bibi?" Maganga akauliza.

Ndipo nilipotakiwa kusema. Nikamtazama Bwana Sefu, naye ananitazama. Nikauona na mkate.

"Kwani hiki Kichina? Tuendelee."

Vikapita vifungu kumi na viwili. Vyote nikaviitikia kama mtu aliye kanisani.

Mkurugenzi akaingia. Akauliza kama nimeelewa, nikasema yote. Akanipa kalamu niweke saini kwenye nakala ya majaribio. Saini yangu mnaijua, ile yenye mkia. Leo mkia ulivuka mstari ukafika kwenye muhuri. Nikairudisha karatasi kama hakimu.

"Bibi, swali moja tu," akasema. "Eka yako hiyo ya tumbaku, utapanda nini?"

"Tumbaku."

Akaitikia kwa kichwa. Ningeishia hapo, sasa hivi ningekuwa naandika barua nyingine.

"Na maharage katikati," nikaongeza. "Na maboga pembezoni. Ardhi haiachwi uchi."

Bwana Sefu akavua miwani akaipangusa kwa tai.

"Bibi, umetia saini kwamba hutafanya hivyo. Kifungu cha nne. Ukifanya unanyimwa mbegu msimu mzima."

Mmoja wao akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Maganga hakunitazama. Alikuwa anatazama mikono yake, kama alivyofanya siku aliyovunja mtungi wangu akiwa na miaka sita. Hapo ndipo nilipoumia. Si kwa kucheka kwao.

Nikasimama. "Msimlaumu huyu. Aliniambia niseme nisipoelewa, nikaona haya. Na ule wa Kiingereza nimeugongea dole gumba miaka yote, nikiulizwa nasema nimeelewa. Kwetu tunasema hivyo sote. Ila leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza swali la pili."

Mkurugenzi akamgeukia Maganga. "Malori yanaondoka saa ngapi?"

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi," Maganga akasema.

"Basi mna mchana wote. Bibi asiondoke kwenye hicho kiti."

Aliyevuta kiti kuja karibu yangu alikuwa Bwana Sefu. Akashika kalamu. "Bibi, jirani yako ungemwambiaje?"

"Ningemwambia, kwenye tumbaku usipande kitu kingine, hata maharage."

Akaandika. Nikamwomba afute hayo maharage, akakataa. "Hayo ndiyo yanayoeleweka," akasema. Tukapitia vyote hadi alasiri, nami nikasema sielewi mpaka koo likakauka. Mkurugenzi aliporudi akakisoma kifungu cha nne mara mbili, akaweka sahihi. Maganga akanipakia baiskeli, njia nzima anapiga mluzi.

Kwa hiyo malori yatafika kwenu, mtasomewa. Likifikiwa neno "hata maharage", inamisheni vichwa kama mliofiwa. Atakayecheka asije kwangu kuomba mbegu za maboga.