Kumtafuta Mwenye Wimbo

Jumatatu, 14 Julai

Saa nne asubuhi transfoma ya mtaa wetu wa Buzebazeba imelipuka. Ndivyo nilivyowatangazia majirani. Nilikuwa wa kwanza kufika barabarani, ndoo ya mchanga mkononi. Haikuwa transfoma. Ilikuwa Wema, binti wa dada yangu Regina, kachomeka gitaa la umeme kwenye spika pale uani.

Nikamuuliza muziki gani huo. Kasema roki. Nikamwambia roki naijua siku nyingi, nimewahi kuicheza Bujumbura mbele ya mabalozi. (Bujumbura nimefika kweli. Mabalozi huenda walikuwepo.)

Lakini wimbo wenyewe umenishika. Unaanza chinichini kama mtu anayejisemea bafuni. Halafu gitaa linapasuka. Halafu kimya, unadhani umeme umekatika. Unahusu mtu anayeumwa akili. Siyo kichaa cha kuokota makopo, hapana. Mtu mzima, anaoga, anavaa, anasalimia watu, ila ndani kunavuja. Kiitikio nimekinakili:

Ukiniuliza habari, nzuri.
Ukiniuliza tena, nzuri tu.
Usiniulize mara ya tatu.

Nikauliza ni nani huyo. Wema kashughulika na nyuzi. Kasema ni mtu wa kweli, na wa karibu. Jumamosi kundi lao linapiga kwenye ukumbi wa vijana kule stesheni, lakini wimbo huu hatauimba mpaka mwenyewe aruhusu. Basi amwombe! Kasema hathubutu. Mwaka jana mama yake alimgusia tu huyo mtu kwamba aende akaonwe na nesi, akapotea wiki mbili. Safari hii wanaogopa asije akaenda moja kwa moja.

Kuna watu wagumu duniani. Mimi habari hizo sikuzipata, maana mwaka jana nilikuwa Uvinza wiki mbili, kikazi.

Nimejiteua meneja. Mwenye wimbo nitampata ndani ya siku tatu. Kijiwe kizima cha kahawa kimeshajua kwamba Jumamosi wimbo unapigwa na jina langu limo kwenye tangazo. Kwenye tangazo bado halimo. Hilo ni suala la karatasi.

Jumanne, 15 Julai

Shule niliiacha darasa la sita, kwa makubaliano na mwalimu. Lakini upelelezi ni kipaji. Njia yangu: salamu. Mgonjwa ukimsalimia vya kutosha, atajitaja.

Nimetembea kutoka Buzebazeba mpaka ufukweni Bangwe nikisalimia. Wazee nimewasalimia kwa Kiha, mwidiwe, na makofi yake yote. Habari ya asubuhi, ya nyumbani, ya watoto, ya kazi, ya mwili, ya moyo. Watu arobaini na mmoja! Majibu: nzuri, nzuri, nzuri. Mwanamume mwenye bandeji ngumu kwenye mguu, kaanguka kutoka kwenye mchikichi: nzuri. Bibi aliyeibiwa mbuzi jana: nzuri, tunamshukuru Mungu, ila mbuzi kaibiwa.

Bangwe ziwa limefungwa kwa uvuvi mpaka Agosti. Mitumbwi yote imefunikwa mchangani. Nikaketi juu ya mmoja kupumzika, kama ninavyofanya siku zote. Yunisi muuza dagaa alikuwa amekaa mbele ya meza tupu, hana hata dagaa mmoja. Habari za biashara? Nzuri, kaka Gervasi.

Nikamchangamsha kwa kisa changu cha miaka miwili iliyopita, mashua ilipozama, nilivyoogelea kutoka katikati ya ziwa mpaka hapa Bangwe na kiboko mgongoni. Mwanzoni kiboko alikuwa mmoja. Leo walikuwa wawili, maana umati wa watoto ulikuwa umeshakusanyika kusikiliza. Yunisi kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha kauliza kwa upole: na shemeji yako?

Nikakumbuka nina haraka.

Hitimisho la leo: Kigoma nzima hakuna mgonjwa.

Jumatano, 16 Julai

Nimebadili mbinu. Nimemwomba Wema daftari la wimbo. Nilitegemea ubishi, nimeandaa uongo wa aina tatu. Kanipa hapohapo! Kasema, soma polepole, Mjomba. Kisha kakaa mlangoni akinitazama ninavyosoma. Wasanii wanapenda kutazamwa. Huyu anapenda kutazama.

Ubeti wa pili:

Anakaa juu ya mtumbwi uliofunikwa,
anapiga kasia mchangani.
Anacheka kabla kichekesho hakijafika
ili kimya kisimkute peke yake.

Nikacheka sana. Wema hakucheka.

Ubeti wa tatu unasema huyo mtu hali tena samaki, na shati la marehemu analivaa kila Jumapili, hataki lifuliwe na mwingine. Nikaanza kuchambua. Hali samaki: nani Kigoma hali samaki? Mimi siwali, lakini mimi ni kwa sababu za kitaalamu, niliwala wakatosha. Shati la marehemu: mimi ninalo la shemeji Elikana, Mungu amrehemu, baba yake Wema, lakini lile nalivaa kwa kuwa lilinikaa vizuri tangu mwanzo. Kwa hiyo mimi nimejiondoa mapema kwenye orodha. Mpelelezi mzuri huanza kwa kujiondoa.

Nikapiga mstari. Nani karibu yetu amebadilika? Pastory!

Pastory ni jirani, mstaafu wa reli, mwalimu wa kwaya. Mtu wa maringo. Kazi yake ilikuwa kunisahihisha kijiweni, nikisema treni ilikwenda kwa mwendo huu, yeye anataja mwendo mwingine. Lakini tangu mwezi uliopita kanyamaza. Hata hadithi yangu ya simba aliyepanda behewa la daraja la pili kaiacha ipite! Na juzi nilimwona anakula maharage. Maharage yaliyosagwa. Samaki hali.

Nimemwonea huruma. Pia nimefurahi kidogo. Nimeandika yote mawili kwa sababu hili ni daftari langu.

Alhamisi, 17 Julai

Nimekwenda kwa Pastory na karatasi ya ruhusa. Nimeiandika mwenyewe: "Mimi niliyetajwa humu naruhusu ugonjwa wangu uimbwe." Chini nimeacha nafasi ya sahihi na ya dole gumba, achague.

Nikamsalimia. Kaitikia kwa kichwa. Nikamwambia ndugu yangu, yote nimeyajua, huna haja ya kujificha. Kashtuka, kafunika mdomo kwa kiganja. Nikasema hiyo siyo aibu, ni maradhi kama malaria. Ndipo akatoa kiganja. Meno! Meno mapya ya bandia, juu na chini, yanaserereka akitamka. Ndiyo maana ya ukimya. Ndiyo maana ya maharage.

Hapo mpelelezi wa kawaida angekata tamaa. Mimi nikajiambia mtu anaweza kuwa na meno ya bandia na bado akaumwa akili. Nikamsomea wimbo wote.

Pastory kasikiliza amefumba macho. Nilipomaliza kaniuliza kama nimeuelewa. Nikamwambia kupita yeye. Kanitazama muda mrefu, kama anasubiri treni aliyoambiwa imeshatoka stesheni ya nyuma. Kisha kasema, akishikilia meno ya juu kwa ulimi:

"Gervasi, huyo mtu nampenda. Mwambie tunamsikia. Kila siku tunamsikia."

Kajisema kama mtu wa tatu! Wakubwa wengi hufanya hivyo. Nikamletea wino, kaweka dole gumba huku akitikisa kichwa.

Nimekimbia na karatasi mpaka nyumbani. Wema kaisoma. Kacheka, kacheka, kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akafuta macho kwa mkono wa blauzi. Dada Regina katoka nje kwenda kuangalia chungu ambacho hakikuwa jikoni. Wema kasema: siyo Pastory, Mjomba. Wimbo ameuondoa kwenye orodha ya Jumamosi.

Kauondoa! Na kijiwe kizima nimeshakiahidi!

Ijumaa, 18 Julai

Siku mbaya. Kijiweni wameniuliza habari za wimbo. Nzuri tu, nikasema.

Jioni hii nimepata wazo. Mgonjwa hapatikani. Ila kila mtu asiyepatikana ana mwakilishi: mtoto ana mzazi, maiti ana ndugu, hata mbuzi aliyepotea ana mwenyewe. Mgonjwa huyu hana mtu. Basi nitamwakilisha mimi. Nitaruhusu kwa niaba.

Nimemweleza Wema mpango huu kwa ustadi, na mifano ya kisheria. Nilidhani atakataa. Kaweka gitaa chini, akapiga magoti mbele yangu kama anayetaka kuniamkia.

"Mjomba, unaruhusu? Wewe mwenyewe?"

"Naruhusu."

"Na wakisikia watu wote?"

"Wasikie. Huyo mtu hana ubaya wowote."

Sijui kwa nini sentensi hiyo ya mwisho ilinitoka taratibu. Wema kasema, kweli hana. Kisha kaweka sharti. Nikishampata mgonjwa, Jumatatu nimpeleke zahanati kwa nesi Skolastika, yule anayesikiliza watu wenye mizigo ya moyo. Na nisisafiri. Nikaapa. Nikamwambia kwanza sina safari yoyote. Lakini wamejuaje kwamba jana niliulizia basi la Uvinza?

Jumamosi, 19 Julai

Saa tisa alasiri ukumbi umejaa. Vijana mbele, wazazi nyuma, mimi pembeni ya jukwaa kama inavyompasa meneja. Clinton, kijana wa dramu, anapiga kama anayemdai mtu. Mama mmoja wa kwaya ya Pastory kaziba masikio kwa kanga mpaka wimbo wa nne.

Wa tano ukawa ule. Wema kasema kwenye kipaza sauti kwamba mwenye wimbo karuhusu, na yeye anamshukuru. Watu wakapiga makofi. Nikainama. Nilistahili.

Kiitikio cha kwanza ukumbi ulicheka, maana kila mtu alijisikia. Ukiniuliza habari, nzuri! Cha pili wakaimba nao, kwa nguvu, zile kuta zikatetemeka. Cha tatu hawakucheka tena. Gitaa lilipokatika ghafla, ukumbi mzima ulikuwa kimya, na mimi nikatazama huku na huku nimtafute mtu wa kumsimulia jambo. Hakukuwa na mtu. Wote walikuwa wanatazama upande wangu.

Macho yaliniwasha. Ukumbini kuna vumbi jingi, nitawaambia wenyewe.

Baadaye watu wakaja kunishika mkono, mmoja mmoja. Hata Yunisi katoka Bangwe. Hawakusema hongera. Walishika tu, wakakaa nao kidogo. Sikujua umeneja unaheshimiwa hivi Kigoma. Pastory kanipigia makofi ya Kiha, polepole, yale tunayompigia mtu aliyerudi kutoka mbali.

Hapo nikajua. Ni yeye! Wema alikana ili kumfichia aibu mwalimu wa kwaya.

Jumatatu, 21 Julai

Ahadi ni ahadi. Asubuhi nimempitia Pastory, nikamwambia twende zahanati. Hakubisha hata kidogo! Wagonjwa wa aina hii, ukiwashika kwa akili, wanafuata kama kondoo. Njiani nilimsimulia kiboko. Hakunisahihisha.

Kufika pale kakaa kwenye benchi la nje, kasema nitangulie mimi nikaeleze hali yake, yeye meno yanamsumbua. Ni haki.

Nesi Skolastika ni mama mnene, mtulivu, mgeni kutoka Bukoba. Kauliza habari. Nzuri. Kauliza tena. Nzuri tu. Basi, mtu mwingine yeyote angeendelea na mambo mengine. Yeye kanyamaza. Kakunja mikono juu ya meza, akanitazama, akangoja. Hakuna redio mle ndani. Hakuna hata saa ya ukutani.

Nikaanza kumweleza Pastory. Ili aelewe Pastory ilibidi nimpe mfano. Ili nimpe mfano ilibidi nianzie kwenye mashua. Nikasimulia ilivyopinduka, na mimi na shemeji Elikana majini. Kiboko hakutokea. Sijui nilisahauje kumtia. Nikasema nilimshika Elikana mkono. Alikuwa ametoka kutengeneza injini, mkono una mafuta. Ukateleza. Nikaushika tena. Ukateleza. Alisema jina la Wema, halafu nikawa nimeshika maji.

Hiyo sijawahi kuisimulia. Siyo hadithi nzuri, haina mwisho.

Nimekaa mle saa nzima na robo. Nesi kanipa maji mara mbili. Mwishoni kaandika kadi, turudi kila Alhamisi. Kwa uchovu wa kazi kaandika jina langu badala ya la Pastory. Sikumsahihisha. Mzee wa watu ana haya zake.

Nimeamua nitakuwa nikiingia mimi, yeye anangoja kwenye benchi, mpaka apone. Yeye mwenyewe kakubali. Tulirudi kwa miguu, kimya, na nimejisikia mwepesi kama mtu aliyefanya hisani kubwa.

Jioni Wema kaniuliza mgonjwa wetu anaendeleaje. Nikamwambia ana nafuu kidogo, lakini kazi ipo: mtu mbishi sana yule, ukimwonyesha ugonjwa wake waziwazi, anatazama kwa jirani.