Ripoti Iliyotumwa Habaswein

Jumatatu, 16 Juni 2025
Dai langu ni hili, na nitalitetea mbele ya yeyote: kumaliza mapema kitandani ni hitilafu ya mishipa ya fahamu, si upungufu wa mume. Tiba yake iko kwa daktari, si kwa wazee. Idman, mke wangu, yuko kwao Habaswein siku ya tisa. Nimepika chai ya watu wawili, tena. Nimeinywa yote.

Jumanne, 17 Juni
Makala kumi na nne. Kukata mishipa ya uume: hakuna kurudi nyuma, ganzi huenda ikadumu. Sindano ya jeli: ushahidi haba. Krimu ya ganzi: rahisi, ila humganzisha na mke. Vidonge: kichefuchefu. Nimechagua kisu. Kina hadhi.

Jumatano, 18 Juni
Daktari Abdilatif hapendekezi kisu hata kidogo. Krimu, vidonge, na mazoezi ya kujizuia, ambayo hufanywa na wawili. Akauliza mke yuko wapi. Nikamjibu kwamba nilikuja kulinganisha tiba, si kutoa anwani.

Alhamisi, 19 Juni
Adeer Sugow, mdogo wa marehemu baba, amekuja. Ati mke aliyeondoka kwa hasira hufuatwa: wazee watatu, zawadi, na mume mwenyewe, kichwa chini. Warya, we kijana, akaniuliza, utamrudisha kwa kalamu? Nikamwambia sikusomeshwa ili niinamishe kichwa. Nimemtumia shemeji Jama ripoti ya kurasa saba kuhusu mishipa na tiba zake, amsomee dada yake hitimisho.

Jumamosi, 21 Juni
Jama aliishia ukurasa wa kwanza, akamtupia Idman simu, akatoka nje. Idman amenipigia. Alicheka kwanza. Sikujua kwamba nimekikosa kicheko kile kiasi hicho. Kisha akasema ya kitandani hakumwambia mtu, wala hayakumsumbua. Kilichomwondoa ni mimi kumgeuzia mgongo kila mara na kufungua kitabu. Ningefika na Adeer, angepanda gari siku hiyo hiyo. Bado angepanda.

Jumapili, 22 Juni
Adeer anaondoka kesho kwenda Habaswein, ameniwekea kiti. Nimekikataa. Kauli ya Idman haina rejeo hata moja, na suala la mishipa amelikwepa. Nimeandika ripoti ya pili, kurasa kumi na moja, nikaiweka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, watu mia tatu na kumi. Tangu adhuhuri wameisoma wote. Hata salamu za jioni hazikutumwa. Basi namtaka Idman anijibu humo humo, hadharani, hoja kwa hoja, kabla ya Ijumaa.