Ombi la Kutengenezewa Jina la Tisa

Myrtle Nangala Dixon,
Ngapakurlu, kaskazini ya Alice Springs.

Kwa Mkuu wa Idara ya Safari za Masomo,
Chuo Kikuu, Denmark.

Ndugu Mkuu wa Idara,

YAH: DAKTA HENRIK, AMBAYE AMEKUWA MKWE WANGU BILA MIMI KUULIZWA

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na wote walio chini yako. Mimi si mzima sana, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mimi ndiye mama aliyewafundisha wanafunzi wenu lugha katika ile kozi ya wiki tatu ya mila na lugha yetu sisi Wawarlpiri, wenyeji wa asili wa jangwa hili. Wanafunzi sina neno nao. Wana adabu, wanakula wanachopewa, na yule binti Maja anawajua mbwa wangu wote kwa majina. Neno langu ni kwa mwalimu wao, Dakta Henrik. Naomba mumvue jina alilopewa huku kabla hajarudi mwezi wa Julai. Msipomvua, nitalazimika kuihama nyumba yangu mwenyewe, na kwa magoti haya niliyonayo sijui nitahamia wapi.

Ili tuelewane, Ndugu Mkuu, hapa kwetu hakuna mtu asiye na jina katika majina yetu manane ya undugu. Mtu huzaliwa nalo, na hilo ndilo linalosema nani mama yako, nani kaka yako, nani waweza kumwoa, na nani humtazami hata kama nyumba inaungua. Mgeni akizidisha siku mbili tatu naye hupewa lake, maana hatujui tumfanye nini mtu asiye ndugu wa mtu. Mimi ni Nangala. Mwanamume yeyote aliye Jakamarra ni mkwe wangu. Simsemeshi, simtazami, sikai naye chini ya paa moja, na yeye kwangu vivyo hivyo. Hatujagombana. Ndivyo tunavyoheshimiana, na nyinyi kwenu bila shaka mnayo namna yenu. Sasa sikiliza yaliyonifika.

1. Siku wageni walipoingia, gari la Trevor lilikuwa limezama kwenye mchanga wa mto. Trevor ni mume wa binti yangu Rhonda, Jakamarra halali, mkwe mwema ambaye sijawahi kusikia sauti yake ikielekezwa kwangu. Dakta Henrik akashuka kwenye basi, akavua viatu, akafunga kamba, akalivuta lile gari mpaka likatoka. Trevor kwa furaha akamshika bega akamwambia, "Wewe ni ndugu yangu kuanzia leo. Jakamarra!" Watu wakapiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba ndugu yake Trevor naye lazima awe na mama mkwe, na kwamba huyo mama mkwe yuko nyumbani anachemsha chai, akijiandaa kwenda kumfundisha. Nilipomtuma mtu amuulize Trevor kama ana akili timamu, jibu lilikuja kwamba gari lilikuwa limezama sana.

2. Asubuhi ya somo la kwanza nilikuwa nimeketi bandani mbele ya wanafunzi. Huyo akaja, mrefu kama mlingoti, mkono ameunyoosha, meno yote nje: "Habari za asubuhi, Mama Myrtle!" Jamani! Mbele za watu! Nilijifunika turubai nikatoka nalo hivyo hivyo hadi nje, nikipapasa njia, na watoto wa shule wakanicheka wiki nzima. Hata leo nikipita husikia mmoja akisema, "Turubai hilo linatembea."

3. Kazi ni kazi. Niliamua kufundisha nikiwa nyuma ya tangi la maji. Natamka neno kwa sauti, wanafunzi upande wa pili wanaitikia. Mambo yangekwenda vizuri kama Dakta asingetaka kusikia vizuri zaidi. Alizunguka tangi kwa kulia. Mimi nikazunguka kwa kushoto. Akageuza, nikageuza. Wanafunzi, kwa kuwa waliambiwa wafuate kila wanachokiona, nao wakaanza kuzunguka, mstari mmoja, mikono mgongoni kama yangu, wakichechemea kidogo kwa sababu mimi nachechemea. Siku ya kuagana waliicheza mbele ya kijiji kizima. Waliiita Ngoma ya Tangi. Wamepewa vyeti kwa ajili hiyo, na nasikia wameicheza tena huko kwenu mbele ya balozi.

4. Nilikuwa na miadi ya macho mjini. Gari la duka ndilo pekee liendalo, na Dakta alikuwa ameshakaa mbele. Kwa hiyo nilikwenda mjini nyuma, katikati ya matairi ya akiba, nimegeukia tulikotoka. Daktari wa macho aliniuliza vumbi lote lile limeingiaje. Ningeanzia wapi kumweleza?

5. Jumamosi timu yetu ilicheza mpira na majirani. Dakta akasimama upande wetu kushangilia. Hilo jema. Lakini kina Nangala hatuko wachache, na wote ni mama wakwe zake. Tukainuka na viti vyetu, tukavuka uwanja, tukakaa upande wa wageni. Vijana wetu walipoona mama zao na shangazi zao wamehamia kwa adui, mioyo ikawavunjika. Walipigwa kipigo cha mbwa koko. Kapteni wetu hasemi nami mpaka sasa, na yeye hana sababu yoyote ya kimila.

6. Nimeliacha hili mwisho kwa sababu linauma. Rhonda alimwonea huruma akamweleza kosa lake kinaganaga: kwamba kunikaribia ni aibu, kunisemesha ni aibu, kunitazama ni aibu. Dakta alisikitika karibu alie. Kisha, Ndugu Mkuu, akaja kuniomba radhi. Uso kwa uso! Na maua mkononi! Nilikuwa bafuni. Nilikaa humo hadi jua likazama, naye yuko mlangoni anajuta kwa sauti. Rhonda alipokuja kunitoa alikuwa amecheka mpaka kashika mbavu. Kwa jina lake, yeye na Dakta ni kama mke na mume, basi tangu hapo hunitania, "Mama, mume wangu yule mrefu anauliza kama umemsamehe." Nikamwambia mume wake yule mrefu atanizika.

Sasa nimeambiwa kwamba Julai anarudi kwa mwaka mzima, na kwamba atakaa nyumba ya walimu. Mlango wa nyumba ya walimu unatazamana na mlango wangu. Hapo mlangoni pangu ndipo ninapoota jua la asubuhi wakati wa baridi. Hapo nilikizika kitovu cha mtoto wetu wa kwanza, mume wangu akiwa safarini, hapo ndipo watoto wanaponikuta wakitaka hadithi, na ndipo ninapowafundisha lugha wale wajukuu zangu ambao siku hizi hunijibu kwa Kizungu. Akija Jakamarra mmoja akafungua mlango ule kila asubuhi, mimi pale sina kiti tena. Nimelia kwa jambo hili, sitakuficha.

Najua utauliza: kwa nini tusimpe jina jingine? Nimeyapitia yote, nikiwa nimekaa bila usingizi. Mkimpa la kaka yangu, kaka mtu mzima naye hasogelewi hovyo, tutakuwa palepale. La mwanangu halifai: mwana habanduki kwa mama, atahamia kwangu na kunimalizia nyama, na wa kumaliza nyama ninao tayari. La baba yangu mdogo litanilazimu kumtii, naye hawezi hata kuwasha moto. La mjomba, vivyo hivyo. La babu, nitamcheka. La mjukuu lina ruhusa ya utani, na utani wa bibi na mjukuu kwetu si wa kusemwa na daktari wa falsafa. Limebaki la mume. Marehemu mume wangu alinitosha.

Manane yamekwisha. Basi naomba kwa heshima zote Chuo chenu kitengeneze la tisa. Naambiwa mna maabara. Naambiwa kuna jengo lenu ambamo watu hutafuta vitu visivyokuwepo na kulipwa mishahara. Mnatengeneza madaktari kila mwaka kutokana na watu wa kawaida, mtashindwa vipi na jina moja? Liwe jina la mtu asiye mkwe wa yeyote, wala mwana, wala kaka, anayeweza kusema "habari za asubuhi" kwa mtu yeyote na hakuna anayeona aibu. Nilipomweleza Rhonda aliniuliza mtu wa namna hiyo atazikwa na nani. Nimemwambia hilo ni swali la Chuo.

Na kama la tisa litazaa la kumi, kwa maana lazima naye awe na mke, na mke awe na mama, basi tengenezeni kabisa yote ya upande huo na mtuletee yakiwa kamili. Wazee wetu walikwenda na manane tangu dunia ilipotandazwa, lakini wao hawakuwa na kozi za wiki tatu.

Nisalimie wote ofisini, anayepiga chapa na anayefagia. Nisalimie Maja, mwambie yule mbwa mweupe amezaa. Nisalimie mama yake Dakta Henrik, ambaye kwa hesabu zetu ni bibi yangu, ingawa nasikia ni mdogo kwangu. Kwa leo kalamu inatua hapa, nikiusubiri uamuzi wenu kabla ya baridi.

Wako anayeteseka,
Myrtle Nangala Dixon

Nyongeza: Gari la barua limechelewa, na katika kuchelewa huko kumetokea jambo. Rhonda amekuja na katoni ya mikia ya kangaruu, ile ya barafu ya dukani, mikubwa, yenye mafuta. Hakusema nami, maana maneno mengine kwetu hupitishwa pembeni. Aliiweka karibu na moto wangu, akamwambia mbwa, "Kuna mtu kaleta nyama." Nami nikamuuliza mbwa ni nani huyo. Mbwa akaambiwa kwamba mtu mmoja mrefu alipiga simu dukani kutoka ng'ambo, akamtafuta Trevor, akamuuliza mwanamume humpelekea nini mama mkwe wake, kisha akasisitiza kwamba jina lake lisitajwe na asishukuriwe. Salaale! Trevor mwenyewe hakuniletea mkia mpaka mtoto wa pili.

Nimeila. Ukishakula nyama ya mkwe huwezi kusema huyu si mkwe. Kwa hiyo naomba lile jina la tisa mliache, hata kama mmeshaanza, na Jakamarra wangu asiguswe na mtu. Watoto wa kaka yangu wanabomoa ukuta wa nyuma tangu asubuhi, tunaweka mlango upande wa magharibi. Nitaota jua la jioni. Mwambieni aje. Ila msimwambie ni mimi niliyesema. Mwambieni kuna mtu kasema.