Ndago, Dawa ya Kukoroma

Jumatatu, 2 Desemba

Niwie radhi, shajara, kwa kimya changu tangu Agosti. Sikuugua wala sikusafiri. Nilikuwa ninashindwa, na mwalimu wa sarufi aliyestaafu kwa heshima hapendi kuandika kwamba anashindwa na majani.

Adui anaitwa ndago. Shina la pembe tatu, jani linalong'aa, sura ya unyenyekevu. Ukilivuta jani, linakatika kwa adabu na kukuachia ushindi. Huko chini kuna punje nyeusi, na kila punje imeshikana na mwenzake kwa uzi wa mzizi. Septemba nilipiga jembe bustani nzima, nikakatakata nyuzi zote, nikajipongeza. Kila punje iliyoachwa mjane ikachipua peke yake. Oktoba nikatandaza maboksi juu. Ndago zikayatoboa kama sindano.

Ndago ni nomino isiyobadilika katika wingi. Ndago moja, ndago elfu. Sarufi ilinionya.

Leo Ercilia ametoa hukumu. Mke wangu huyu hapigi kelele, hukunja aproni. Ameikunja, kisha akasema kwamba dada yake anakuja kutoka mji mkuu kula nasi mkesha wa Krismasi, na yeye hawezi kumketisha mgeni porini. Mpwa wake ni mwashi, na saruji anayo. Ndago zikiwapo bado Ijumaa, uwanja wote wa nyuma utamwagwa zege.

Wote? Wote.

Na mibaazi yangu? Amesema mbaazi zinauzwa sokoni.

Za sokoni! Mibaazi yangu imesimama mstari mmoja kando ya ua, imenyooka, imeanza kubeba. Tangu nistaafu, hilo ndilo darasa pekee linalonisikiliza.

Jumanne, 3 Desemba

Ercilia amenikumbusha ushauri wake wa Juni: panda viazi vitamu vifunike udongo, kwa kuwa ndago haistahimili kivuli. Mama yake alifanya hivyo kijijini kwao, Las Galeras. Juni nilimjibu kwamba kiazi si silaha. Leo nimemjibu kwamba muda hautoshi. Majibu yote mawili yalikuwa na sentensi timilifu.

Saa nne Tancredo akaegemea ua. Ni jirani yangu, kinyozi mstaafu, bingwa wa domino kwa maelezo yake mwenyewe. Uwanja wake ni msafi kama sahani, maana hapandi kitu. Akaita kwa sauti ya kuwafikia wenzake kwenye meza ya domino:

“Mwalimu, hiyo si bustani, hizo ni ndevu. Niite nije ninyoe.”

Meza nzima ikacheka.

Mtu akoromaye kama Tancredo angetakiwa kuwa mpole. Akilala mchana, kuku wa mtaa mzima hunyamaza kumsikiliza. Mkewe, Nereida, amehamia sebuleni tangu Pasaka, na bado anasema ukuta unatetemeka.

Nimekaa chini. Wazo limekuja. Wazo kubwa!

Jumatano, 4 Desemba

Asubuhi nimemwambia Nereida, kwa siri, kwamba punje za ndago zikichemshwa huponya kukoroma. Nikamwekea masharti: dawa imo katika punje, si katika jani, na ule uzi usikatike, kwani ukikatika nguvu huvuja. Nimesema nililisoma hilo katika kitabu cha zamani. Kitabu hakipo, lakini nilikitaja kwa uhakika.

Nikamsihi asimwambie mtu. Kisha nikaenda dukani kununua kahawa. Muuzaji akaniuliza kama dawa hiyo inafaa hata kwa mama mkwe.

Alhamisi, 5 Desemba

Wamekuja. Wanawake wa mtaa mzima, na vijiko, na visu vya jikoni, na mmoja na pini ya nywele. Wamepiga magoti wakachimba kwa uangalifu ambao sikuwahi kuuona darasani. Hakuna uzi uliokatika. Nilikaa kitini, nikawa ninaonyesha kwa fimbo.

Nereida alimleta Tancredo kwa kumshika mkono wa shati. Yule aliyetaka kuninyolea bustani amenyoa, tena kwa magoti! Nilimwonyesha alipoacha.

Ijumaa, 6 Desemba

Mwashi amefika na toroli, akakuta udongo mtupu. Kimebaki kipande kidogo tu cha ndago kando ya mibaazi. Ercilia ametazama uwanja kwa muda mrefu, akaikunjua aproni. Akamwambia mpwa wake aende nyumbani, ila mifuko ya saruji aiache, huenda ikahitajika.

Sikumwuliza kwa kazi gani. Nilikuwa ninahesabiwa miongoni mwa washindi.

Jumamosi, 7 Desemba

Msiba. Jana baada ya chakula Ercilia aliniletea kikombe cha punje za ndago zilizochemshwa. Amesema mimi nami ninakoroma, na kwamba amenivumilia miaka thelathini. Nikakana. Nikaeleza kwamba dawa hii ni ya watu wanene. Akasema:

“Plinio, kunywa.”

Nikanywa. Ladha ya matope, marashi na penseli. Tumbo langu likanyambulisha vitenzi hadi kukapambazuka, katika nyakati zote, zikiwamo zile ambazo hazitumiki tena. Sikufumba jicho.

Na mtu asiyelala hakoromi. Ercilia ameamka leo kama bibi harusi. Amenibusu utosini, akaenda jikoni akiimba.

Jumapili, 8 Desemba

Baada ya misa ametangaza kwamba hakuna mtu atakayeng'oa tena hata jani moja. Kile kipande kilichobaki amekizungushia kamba. Kisha akaeleza mpango wake, nami nikasikiliza nikiwa na kikombe cha pili mkononi. Mibaazi inatia kivuli, na ndago haistahimili kivuli, kama alivyoniambia Juni. Kwa hiyo Jumanne mibaazi itakatwa. Mahali pake zitapandwa ndago, kwa mistari. Saruji itatengeneza sakafu ya kuanikia punje.

Ningeweza kusema kweli. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini kweli ingeleta zege, na kicheko cha Tancredo mpaka siku ya mazishi yangu. Tena Ercilia alinitangulia:

“Miaka thelathini umenifundisha mambo nisiyoyahitaji. Hili moja limenifaa.”

Nilimaliza kikombe.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimepata njia. Nimemnong'oneza Nereida kwamba ndago hupata nguvu zake kwenye mizizi ya mbaazi. Kata mbaazi, na dawa inageuka kuwa nyasi tu. Kabla ya adhuhuri Ercilia alikuwa amekwisha kusikia, na panga likarudishwa stoo.

Nafurahi. Uongo huu una kiima na kiarifu. Hauna pa kuvunjikia.

Jumanne, 10 Desemba

Sikukadiria kwamba Nereida hufikiri. Usiku kucha amefikiri, akafikia hitimisho: ikiwa nguvu inatoka kwenye mbaazi, ndago ni za nini? Asubuhi amesimama mlangoni na Tancredo, Tancredo na jembe, na nyuma yao wanawake wote wa Alhamisi. Wanataka mizizi ya mibaazi yangu. Tancredo ana macho mekundu. Naye hunywa kikombe chake kila jioni. Akaniambia, bila utani safari hii:

“Mwalimu, ulitupigisha magoti kwenye majani, na dawa yenyewe umeipanga mstari hapo uani. Ubahili gani huu?”

Mtaa mzima ukanitazama kama mtu aliyeficha kisima.

Ercilia akaja akasimama kati ya jembe na mibaazi. Akakunja aproni. Akasema hakuna atakayegusa kitu mpaka yeye aamue: mizizi ichimbwe, au ndago zipandwe, au zege limwagwe yaishe. Sasa yuko jikoni na kahawa yake, anafikiri.

Siwezi kukaa mikono kifuani. Hivi punde nimekwenda uani nikamnong'oneza Nereida, kwa siri kubwa kuliko zote, kwamba mizizi ni mchezo wa watoto. Dawa kuu imo katika mbaazi zenyewe, zikiachwa mtini mpaka zikomae, zikapikwa na wali kwa nazi, zikaliwa mkesha wa Krismasi. Mibaazi imeokoka! Hakuna atakayethubutu kuigusa kabla ya hapo.

Ercilia bado hajaamua; akiamua, nitaandika. Nereida ameshaamua. Ameniuliza kama mkesha huo mtaa mzima uje na sufuria zake, au sahani zitatoka kwetu.