Damu ya Kichwani na Zamu ya Alfajiri

Jumatatu, 3 Juni
Siku ya mia na kumi na mbili bila usingizi wa maana. Bosi (miezi minne kasoro, meno hana, sauti anayo) kaamka saa kumi alfajiri. Baba yake kageukia ukutani, anakoroma. Asubuhi nikamwambia nimechoka. Eti mbona naonekana mzima tu! Sawa. Ataletewa ushahidi. Kliniki wamebandika tangazo: wanatafuta watu wa kupimwa damu ya kichwani kwa ultrasaundi, waone kama kipimo chenyewe kinasema kweli. Nimejiandikisha. Haiwezekani damu yangu inafika huko juu. Nikipata namba mbaya naibandika kwenye friji, na zamu ya alfajiri inahama.

Jumanne, 4 Juni
Binti wa vipimo kanipaka jeli kwenye panja. Nimempa jina Dada Jeli. Kakandamiza kidude chake pale, anakizungusha kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Anasema fuvu ni jembamba hapo, sauti inapenya. Shaa! Shaa! Damu yangu mwenyewe, inapiga kelele kumshinda Bosi. Namba: sitini na mbili. Nikauliza ni mbaya kiasi gani. Akasema nzuri mno, hongera. Hongera! Nani kamwomba?

Kumbe mashine hupima mwendo wa damu, si wingi wake, na kidude kikiinama vibaya namba inadanganya. Ndiyo maana mkono wake unajaribiwa. Atanipima siku tatu, kisha niingie mashine kubwa ya sumaku, walinganishe. Namba zikiyumba hapati cheti, anarudi kupanga mafaili. Pole yake. Akanionya nisiheme haraka haraka, namba hushuka. Asingeniambia!

Jumatano, 5 Juni
Nimeficha uso kwenye blanketi la Bosi, nikahema kama mbwa aliyekimbizwa. Thelathini na tisa! Midomo ganzi, vidole vinachonyota, furaha tele. Dada Jeli kahamia panja la pili: arobaini. Akajilaumu, eti ameshika vibaya. Mimi nikaomba nakala ya namba. Karatasi iko kwenye friji. Baba Bosi kaitazama, akauliza kama ndilo joto la friji.

Alhamisi, 6 Juni
Daktari mkubwa kasimama nyuma yetu na faili. Dada Jeli kanipaka jeli mara mbili. Kaninong'oneza: dada yangu, nimesomea kazi hii miaka mitatu, leo mkono wangu siuelewi. Nikashindwa kuhemahema kama jana. Sitini na moja. Daktari akasoma namba zote tatu, akasema mkono huu hauaminiki.

Nikaketi, jeli inanichuruzika shavuni. Nikamwambia daktari mkono wa binti hauna kosa, mwizi ni mimi. Nikatapika yote, mpaka habari za friji. Akaniamuru nihemeheme mbele yake. Nikahema. Thelathini na tisa, ileile! Akacheka mpaka akavua miwani. Mkono unaomkamata mwizi mara mbili mahali palepale, alisema, ni mkono mzuri. Dada Jeli kanikumbatia na jeli yake. Mimi nikafutwa kwenye orodha. Kwaheri mashine ya sumaku! Dakika arobaini za kulala chali bila mtoto! Hapo ndipo nilipolia.

Jumamosi, 8 Juni
Jana, tukikunja nepi, nilimsimulia Baba Bosi kila kitu. Kaweka nepi chini. Akauliza kwa nini sikumwambia tu aamke. Nikasema nilimwambia nimechoka. Akasema hiyo ni habari, mke wangu, siyo ombi. Nikamwambia basi kesho amka. Na leo kaamka! Nepi nyuma mbele, lakini wote wazima. Nimelala mpaka saa mbili.

Kumbe ni kufungua mdomo tu. Nimeelewa kabisa.

Sasa kuna vyombo vya jioni. Ningeweza kumwambia. Lakini kitengo cha mifupa nao wamebandika tangazo, wanapima nguvu za viganja. Tangu mchana nashika kikombe kwa vidole viwili.